Uzi Usiopoa

1

Jumatatu katika zahanati ya Mtaa wa Mikarafuu, huku Tanga Juu, ilikuwa siku ya wanawake na maneno yao. Wanaume waliokuja kupima sukari walijua kuzungukia mlango wa nyuma, maana aliyejitia ushujaa akakatiza ukumbini alitoka na jina jipya, na jina lenyewe lilimfuata hadi sokoni. Mwenye kuyagawa majina hayo alikuwa Bi Mwantumu Shekue, muuguzi na mshauri wa uzazi wa mpango, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mpana, asiyejua kunong'ona.

Asubuhi hiyo alikuwa na wanawake kumi na wanane mbele yake na trei ya vifaa mezani. Akainua kimoja.

"Hiki nini?"

"Kitanzi!" wakajibu.

"Kinakaa wapi?"

Mmoja akajichekea ndani ya mtandio.

"Haya, mnaona haya. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na nyie mnaficha hata mlipokuja kutafuta kutozaa! Kinakaa kwenye mfuko wa uzazi. Hakipandi moyoni, hakimchomi mume, wala hakipotei tumboni hata ukacheze mdundiko siku tatu. Tunaendelea."

Akaendelea kweli. Vijiti vya mkononi, vinavyokaa miaka na kuwavurugia wengine siku zao. Sindano ya miezi mitatu, nzuri kwa msahaulifu, ila ukiiacha mwili huchelewa kurudi. Vidonge, vinavyomtaka mtu mwenye saa kichwani. Kondomu, ambayo peke yake kati ya zote inazuia na maradhi, kwa hiyo anayeidharau na aidharau akiwa na akili timamu. Kila njia aliisifu, kisha akaisema kasoro zake, kama mama anayeeleza watoto wake kwa mchumba.

Mwisho akainua shanga. Hapo shingo zote zikanyooka.

"Haya, shanga za majira ndizo mlizozifuata, najua. Hazina dawa ndani, msidanganyane. Kila punje inasoma jasho lako na joto lako, kisha inaupigia mwili mdundo mdogo, wewe huusikii. Mdundo unauambia mwili, mwezi huu usitoe yai. Mwili unasikia. Ukitaka mtoto, unaibonyeza hii punje kubwa mara tatu, shanga zinalala, na baada ya miezi michache uko kama ulivyozaliwa."

"Bi Mwantumu," akauliza mama mmoja mwenye mimba ya kuonekana, "na nikimwazima mdogo wangu?"

"Umwazime! Mswaki wako unamwazima?" Ukumbi ukacheka. "Sikilizeni. Shanga ikishakaa kwako imekuzoea wewe. Ukiivua ingali na joto ukamfunga mwenzio, itadhani kiuno ni kile kile, itamwendesha kwa majira yako. Ukiwa umeiambia ikufunge, itamfunga. Na kama ana shanga zake, zake changa zitaisikiliza yako kongwe, ndivyo zilivyoundwa, ili punje ikivunjika ukaweka mpya usianze upya. Kwa hiyo shanga ikitoka mwilini, mezani! Ilale hapo usiku na mchana mpaka ipoe. Ikipoa, imesahau. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewana. Bi Mwantumu akafuta paji la uso kwa pembe ya kanga, na ndipo alipomwona Saumu amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba kifuani, akingoja wengine watoke.

Furaha ikampanda. Wanawake wangapi walikuwa wamepita mikononi mwake, lakini mwali alikuwa naye mmoja tu, na ndiye huyo. Mama yake Saumu alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, na kweli alimzika, kule Tanga ya chini kabla bahari haijaipanda. Binti akabaki na miaka kumi na tisa. Bi Mwantumu akawa somo, yaani kungwi wa kumfunda, akawa mama, akawa hata jirani wa kugombana naye pale ilipobidi.

2

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Au mumeo Twalibu siku hizi anakula na sahani?"

Saumu akatabasamu kidogo, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, si kwenye kile cha pembeni alichokizoea. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa amevaa vizuri, kupita Jumatatu inavyostahili.

"Ijumaa Twalibu anaoa," akasema.

Bi Mwantumu akasimama. "Nani kakuletea umbeya huo? Nitajie mtu!"

"Sio umbeya. Mie ndiye niliyemposea. Binti anaitwa Tunu, wa Pongwe, ana adabu. Nilikwenda mwenyewe na mashangazi zake Twalibu. Yeye hakutaka, somo. Alilia kama mtoto. Nikamwambia, baba, miaka saba imetosha, na wewe unapenda watoto."

Bi Mwantumu akaketi tena pole pole. Miaka hiyo saba aliijua yote. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa Saumu alikwisha kuzilaza shanga zake apate mtoto. Mtoto hakuja. Wakampima Twalibu, akaonekana mzima. Wakampima Saumu, damu yake ikasoma kama ya mwanamke aliyekwishakoma hedhi. Hospitali ya wilaya ikaandika kwamba kizazi kimezeeka kabla ya wakati, sababu haijulikani. Mara ngapi alikuja chumba hiki hiki, akaweka kichwa kwenye mapaja ya Bi Mwantumu, akalia mpaka kanga ikalowa?

"Sasa nimekuja kwa mambo mawili," Saumu akasema. "La kwanza, nataka unifunge. Ile gundi."

Gundi ndiyo njia iliyokuwa mpya mwaka ule: tone moja katika kila mrija wa uzazi, kazi ya muda wa kikombe cha chai, na ikishaganda haiganduki. Walipewa wanawake wenye watoto wao wanne, watano, waliosema basi.

"Mwanangu, gundi ni ya..."

"Ya wanaozaa. Sema tu, somo, sivunjiki." Lakini sauti ilikuwa imeshavunjika. "Damu yangu inakuja ikitaka. Mara wiki sita, mara miezi miwili. Kila ikichelewa nasema, labda. Nafanya makusudi nisihesabu, na huku nahesabu. Hospitali wanasema haiwezekani, na mwili unaniambia labda. Nimechoka na hiyo labda. Tunu anaingia nyumbani kwangu Ijumaa, atabeba mimba, inshallah, na mie nataka nimpikie uji wake kwa moyo mweupe. Sitaweza kama bado nasubiri. Nifunge, nijue kwamba nimefungwa."

Bi Mwantumu akakisogeza kiti chake karibu. Akamweleza kama anavyomweleza yeyote, kwa utaratibu: kwamba gundi hairudi nyuma, kwamba huzuni si wakati mzuri wa kuchagua jambo lisilorudi, kwamba kama ni kuituliza damu yake ziko njia za kuituliza kwa muda, kijiti, vidonge, mwaka mmoja kisha atazame. Saumu alisikiliza yote. Bi Mwantumu akamwuliza mara tatu, kama kazi inavyotaka, je, ni hiari yako? Mara tatu Saumu akasema ni hiari yangu.

"Haya," Bi Mwantumu akasema, moyo ukimuuma. "Panda kitandani."

Saumu akapanda, akajilaza, akaifungua kanga kiunoni.

Palikuwa na nyuzi mbili. Wa kwanza ulikuwa mweupe, shanga zake za majira, zimelala. Wa pili ulikuwa wa punje nyekundu zilizokoza, za toleo la zamani, ukiwa umesogezwa juu karibu na mbavu.

"Huu bado unao?"

"Niuvueje?" Saumu akashangaa. "Si wewe uliyesema uzi wa somo anaufungua somo, au mwosha maiti?"

"Na hospitali hukuuvua?"

"Nilikuwa naupandisha juu, nafunga kanga. Waliniuliza kama nina njia nyingine mwilini, nikasema sina. Uzi wa somo si njia. Na mambo ya ndani yanasemwa vipi mbele ya watu wale?"

Bi Mwantumu akaweka vidole juu ya punje nyekundu. Zilikuwa na joto, kupita ngozi iliyozibeba. Akavibakiza vidole pale. Kwa mbali sana, kama mshipa wa mtoto mchanga, zilikuwa zinapiga.

Akachukua kisomeo. Kifaa hicho husoma shanga kwa kuigusa tu, ili mwanamke asisomwe na kila apitaye njiani. Akakigusisha. Kioo kikawaka, kikaandika kwa herufi kubwa, bila haya wala huruma:

MWANTUMU SHEKUE. UMRI: 59. MAJIRA: YAMEFUNGWA DAIMA. SHANGA INAFANYA KAZI.

"Nini, somo?" Saumu akauliza kutoka kitandani. "Kuna tatizo?"

"Gundi," Bi Mwantumu akasema. "Ngoja nikachukue gundi stoo."

3

Hakwenda kuchukua gundi. Alisimama stoo kati ya maboksi ya glavu, kisomeo mkononi.

Aliikumbuka asubuhi ile ya harusi yote, hata harufu. Chumba kimejaa udi na wanawake, vigelegele mpaka dari. Ulipofika wakati wa somo kumvisha mwali uzi wa kiuno chake mwenyewe, shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Uzi wa heri haupoi!" Na wote wakaitikia. Ndiyo mila: unatoka kiuno hadi kiuno na joto lake, ukipoa njiani heri imetoka. Bi Mwantumu alikuwa ameuvaa uzi ule miaka kumi na minane, tangu uzazi wake wa tatu uliotaka kumuua, alipouambia umfunge asizae tena. Sheria ya kuupoza aliijua. Alikuwa ameifundisha Jumatatu ya wiki ile ile.

Na alisita, Mungu shahidi. Alisita. Kisha akaona macho ya wale mashangazi, akayasoma: nesi huyu, kusoma kumemsahaulisha alikotoka. Akajiambia shanga zenyewe kuukuu, zimechakaa, zimekwisha nguvu, nani aliwahi kudhurika kwa heri? Akaufungua kiunoni mwake, akamfunga mtoto wa watu ungali na joto, akapiga kigelegele kuwashinda wote.

Loo, Mwantumu! Saba! Miaka saba unamfuta machozi, na mkono wako mwingine uko kooni mwake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Eliwaza, muuguzi msaidizi, binti wa Upareni ambaye Bi Mwantumu alimfundisha kazi kuanzia namna ya kushika sindano.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Eliwaza, hebu niambie, wewe si umetoka kwenye semina juzi. Mwanamke akivaa shanga ya mtu mwingine, iliyofungwa daima. Miaka saba. Ana thelathini na mmoja sasa. Ikivuliwa?"

Eliwaza akafikiri. "Mayai hayafi, Mama, yamenyamazishwa tu. Lakini miaka saba ni mingi. Walituonyesha takwimu. Nusu yao wanarudi, ndani ya mwaka hivi. Nusu hawarudi tena."

"Nusu."

"Nusu. Ni mgonjwa wetu?"

"Nauliza tu. Nenda."

Eliwaza akaenda, akigeuka mara mbili.

Basi hapo ndipo shetani alipokuja, naye hakuja na pembe, alikuja na busara. Akamwambia: Mwantumu, tumia akili. Mwambie gundi imekwisha, arudi mwezi ujao. Ukate uzi, useme umechakaa. Akija kushika mimba, atashukuru Mungu, nawe utapiga kigelegele chako. Asiposhika, basi, si alikwishakata tamaa? Atakuwa hajapoteza kitu. Ukweli utamfaa nini? Ijumaa iko pale pale, binti wa watu amekwishaposwa, neno limekwishatoka. Utampa nini kwa kumwambia? Utampa miaka saba ya kuomboleza mara ya pili, na utamnyang'anya mtu pekee anayemlilia mapajani. Unasema kwa faida yake au kwa kutaka kutua mzigo wako?

Hilo la mwisho ndilo lililomkamata. Maana lilikuwa na ukweli ndani. Bi Mwantumu aliketi juu ya boksi, akaligeuza huku na huku, na kila alipoligeuza aliona sura mbili: ya Saumu akijua, na ya Saumu akimpenda. Hazikukaa pamoja. Akazama humo hata asijue muda unakwenda, na aliposimama alikuwa amechagua. Alichagua kupendwa. Na asiyewahi kuchagua hivyo amrushie jiwe.

4

"Gundi imekwisha, mwanangu," alisema akiingia, na alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka laini. "Njoo mwezi ujao. Ila uzi huu umechakaa, nitaukata leo."

Saumu alikuwa ameketi kitandani, miguu inaning'inia. Akashusha pumzi, ya kuvunjika moyo au ya nafuu, haikujulikana.

"Mwezi ujao, basi. Lakini usiukate, somo. Utaufungua, ila si leo. Ndilo jambo la pili nililokujia." Akaushika uzi ule mwekundu kwa vidole viwili, kwa upole. "Tunu hana somo wa maana. Shangazi yake mgonjwa. Nataka uje wewe Alhamisi umfunde, na uzi huu umvishe yeye. Nitauvaa mpaka Alhamisi, unifungulie pale pale ukiwa na joto lake."

Bi Mwantumu akautazama uzi ule.

"Najua unafikiri nini. Kwamba uzi haukuniletea mtoto, mtu atautaka wa nini? Lakini mie sioni hivyo. Mtoto sikupata, somo nilipata. Siku mama alipokufa nilidhani basi. Heri yangu ilikuwa wewe. Namtakia na Tunu."

Bado palikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema haya, akauchukua uzi, akautupa chooni, akanunua mwingine mwekundu sokoni. Mtu mwerevu kama yeye! Lakini alimtazama mtoto yule, mkono wake umekishika kitu kile kama hirizi, anamshukuru. Akapiga magoti sakafuni, mzee mzima, akashika miguu yake.

"Saumu, mwanangu, ni uzi."

"Uzi nini?"

"Ni uzi ndio uliokufunga. Mimi ndiye niliyekufunga. Haukupoa."

Akamwambia yote. Hakujipamba. Akamwambia alijua sheria, alisita, na aliona haya mbele ya mashangazi. Akamwambia kwamba gundi ipo, imejaa stoo, alidanganya sasa hivi, na kwamba uzi ukivuliwa, nusu ya wanawake hurudi na nusu hawarudi. Akampa kisomeo akisome mwenyewe. Saumu akakisoma, midomo ikicheza kama ya anayejifunza herufi, akalisoma jina, akausoma umri.

Kwanza hakulia. Aliuliza maswali, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Ile mizizi niliyokunywa kwa mzee wa Handeni, nikatapika siku nne?"

"Ndiyo."

"Mama mkwe alipoacha kuitikia salamu yangu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Nilikuwa nakuja hapa. Naweka kichwa hapa." Akaonyesha mapaja ya Bi Mwantumu. "Nawe unanipapasa mgongoni. Mkono wako ulikuwa unaupita huo uzi kila mara. Kila mara, somo!"

Ndipo kilio kilipotoka, na hakikuwa kilio cha kuegemea mtu. Bi Mwantumu alinyanyua mikono kumpokea, Saumu akaisukuma.

"Nitakwenda kwa Twalibu sasa hivi," Bi Mwantumu akasema. "Nitakwenda Pongwe. Nitapiga magoti kwa wazee wa Tunu, niseme kosa ni langu, harusi isiwepo."

"Tunu amekwishawekwa ndani. Amekwishaanza kusingwa liwa ya harusi. Mtoto wa miaka ishirini na mbili, nimemshika mkono mwenyewe, nikamwambia njoo nyumbani kwangu, hutajuta. Nimrudishe leo mtaa mzima ukimtazama? Nimwambie nini? Kwamba labda mie nitazaa?" Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kilio. "Nusu kwa nusu. Umenirudishia labda yangu, na mume nimekwishamgawa."

Saumu akanyoosha mkono.

"Nipe mkasi."

"Nikufungulie, mwanangu, ni mimi ninayepaswa..."

"Mkasi."

Akampa. Saumu akaingiza kidole chini ya uzi, akakata mara moja. Punje nyekundu zikamwagika kitandani na sakafuni, zikaenda zilikokwenda.

"Niitie Eliwaza," akasema akijifunga kanga. "Nawe utoke, Bi Mwantumu."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

5

Kuta za zahanati ile zilikuwa za mianzi iliyoshindiliwa, na zilificha watu wasionane, si sauti. Bi Mwantumu alisimama upande wa pili kwenye korido, mgongo ukutani. Angeweza kwenda zake. Hakwenda.

"Sitaki gundi," Saumu alikuwa anasema, alipokwisha kueleza habari ya uzi bila kumtaja mwenyewe. "Nataka kitu cha kuzuia kwa muda."

"Kuzuia?" Eliwaza akashangaa. "Dada, si ndiyo kwanza unaanza kufunguka?"

"Ndiyo sababu. Ijumaa anaingia mwenzangu. Sitaki mimba inikute kwenye fungate lake, watu waseme nimemleta binti wa watu kisha nimemroga. Na huko ndani nilishaharibiwa bila kujua. Mwaka mmoja mwili wangu upumzike na mie nipumzike. Halafu nitaamua, niseme na Twalibu au nisiseme. Nieleze zilizopo."

Eliwaza akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa maneno yale yale aliyofundishwa, hata mizaha midogo aliijaribu, ikamshinda. Akasema kwamba kwa mwili uliokaa miaka saba chini ya shanga, afadhali njia isiyogusa homoni. Kondomu ni mojawapo, ila itamtaka Twalibu akubali kila mara. Nyingine ni kitanzi cha shaba: kinawekwa leo, hakiuambii mwili chochote, na siku akitaka kitolewe kinatolewa, uwezo wake wa kuzaa unakuwa ule ule aliokuwa nao. Akanyamaza hapo. Alikuwa amesahau kusema kwamba damu huwa nzito na tumbo huuma miezi ya kwanza, na Bi Mwantumu, upande wake wa ukuta, alikwishafungua mdomo.

"Na kasoro zake?" Saumu akauliza.

Eliwaza akazisema. Saumu akauliza tena, kama kinaweza kuchomoka, kama atajua kimechomoka, kama mtu mwingine anaweza kukitoa au kukiweka bila yeye kujua. Akajibiwa moja moja. Ilichukua muda mrefu. Hapana mwanamke aliyewahi kuuliza vizuri hivyo katika chumba kile.

"Kitanzi," akasema mwishowe.

"Sawa. Tujaze fomu kwanza. Umewahi kutumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?"

"Ndiyo. Miaka saba."

"Uliichagua mwenyewe?"

"Hapana."

Kalamu ikasimama. Bi Mwantumu aliijua fomu ile kwa moyo, mstari kwa mstari, na alijua kinachofuata. Akaiweka sawa kanga kichwani. Hakuogopa tena. Litajwe jina lake, liandikwe, wamwite, wamvue kazi, wamfunge wakitaka. Alilingoja kama mtu anavyongoja kuitwa nyumbani.

"Samahani, dada, hapa lazima niandike. Aliyekuchagulia ni nani?"

"Somo yangu."

"Yuko wapi? Itabidi aitwe."

"Alikwishafariki," Saumu akasema.

Eliwaza akampa pole, akaandika.